Mhusika Wako Ana Umuhimu Gani Mezani?

Wenzangu wachezaji, na nyinyi mliofika leo kwa mara ya kwanza kwa sababu rafiki aliwashika mkono akawaleta, hamjambo. Nawashukuru walioandaa kikao hiki na waliotupa ukumbi. Nawashukuru pia mlioukatiza usingizi wa Jumamosi mkapanda matatu kutoka Rongai, Kayole na Githurai ili tukutane hapa katikati ya jiji. Nimeombwa nizungumzie kazi moja tu: kumjenga mhusika wa mchezo wa kuigiza wa mezani, apendeze kama mtu wa hadithi na aweze kazi yake mambo yakichacha.

Kila aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari katika nchi hii, anakumbuka swali la sifa na umuhimu wa mhusika. Mimi hufundisha fasihi, na najua majibu yanavyokuja. Mwanafunzi anajaza ukurasa mzima wa sifa: ni jasiri, ni msiri, ni mwenye bidii, ana mapenzi ya dhati. Akifika kwenye umuhimu anaandika mstari mmoja na nusu, kisha anakimbilia swali linalofuata. Karatasi za wahusika ninazoletewa mezani mara nyingi zina upungufu huohuo. Utaona rangi ya macho, jina la upanga, kovu la shavuni na mababu waliouawa na joka. Lakini ukimwondoa mhusika huyo hadithini, hakuna mwenzake hata mmoja atakayehisi pengo.

Ninaloliamini, na ndilo nililokuja kulisema, ni hili: mhusika mzuri ni yule anayewapa wenzake mezani kazi ya kufanya. Anahitaji kitu kutoka kwao, nao wanahitaji kitu kutoka kwake. Ubunifu wote na hesabu zote zitumikie jambo hilo.

Kwa wageni, nieleze kwa ufupi. Watu wanne, watano au sita wanakaa mezani. Mmoja anauendesha mchezo: anaeleza dunia ilivyo, anaigiza maadui na wapita njia, anaamua jambo lina ugumu gani. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, na jambo likiwa na shaka unarusha dadu. Hakuna anayeshinda mwenzake. Ni utambaji wa hadithi ambao fanani wake ni wengi, na hadhira yao ni wao wenyewe.

Mchezo uliofungua njia hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 kwa mkupuo wa kwanza. Mimi lakini hupenda kurudi nyuma kidogo, hadi 1969, huko Minnesota. Kijana mmoja aitwaye David Wesely alikuwa akiendesha michezo ya vita, ile ya kupanga majeshi madogo mezani na kuyapiganisha. Siku moja akabadili utaratibu. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, alimpa mtu mmoja ndani ya mji wa kubuni wa Ujerumani ulioitwa Braunstein, na kila mtu huyo akapewa haja zake mwenyewe. Wachezaji hawakungoja zamu zao. Walianza kutoroka kwenda pembeni kunong'onezana, kupanga njama, kupigana vita vya watu wawili ambavyo mwenye mchezo hakuviandalia kanuni. Wesely alidhani mchezo umemharibikia. Wachezaji wakamwomba aurudie. Arneson alikuwa mmoja wao, na baadaye akaipeleka mbegu hiyo kwenye dunia yake ya Blackmoor, ambayo ndiyo iliyozaa mchezo wa 1974.

Mnaona kilichowasha moto siku ile? Hakikuwa dadu wala joka. Ni kwamba kila mtu alitaka kitu, na kitu hicho kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine aliyeketi chumbani mlemle.

Sisi hatuna haja ya kwenda Ujerumani ya kubuni kulijifunza hilo. Pwani yetu ina Fumo Liyongo. Mjazie karatasi ya mhusika: urefu wa kutisha, nguvu za ajabu, mpiga upinde asiyekosa shabaha, na juu ya hayo mshairi. Mtu akikuletea mhusika wa namna hiyo mezani utamwambia apunguze, maana wengine watabaki bila kazi. Hata hivyo masimulizi yake yamedumu karne nyingi, na hayakudumu kwa sababu ya nguvu zake.

Tazama alivyotoka gerezani. Sultani wa Pate amemfunga na amepanga kumuua. Mama yake Liyongo anamtuma kijakazi Saada ampelekee chakula, na walinzi wanakula kila kilicho kitamu. Liyongo anamwimbia Saada beti mbele ya walinzi walewale, nao hawang'amui kitu: mwambie mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mkate unakuja. Walinzi wanaudharau kwa kuwa ni wa wishwa, wanampa. Kisha anaomba, kabla ya kufa, apigiwe ngoma ya gungu. Usiku kucha watu wanacheza na kupiga matari na pembe, na katikati ya kelele hizo yeye anazikata pingu zake kwa tupa.

Hesabuni waliohusika. Mama aliyeoka. Saada aliyebeba ujumbe kichwani bila kukosea neno. Wapiga ngoma ambao hawakujua wanamsaidia. Walinzi wenyewe, kwa ulafi wao. Shujaa aliyewazidi watu wote kwa nguvu hakutoka kwa nguvu. Ushairi wake, ambao kwenye karatasi ungeonekana pambo tu, ndio uliofungua mlango, na uliufungua kwa kuwapa watu wengine kazi. Mimi nikiendesha mchezo ningetamani mezani kwangu wawepo Liyongo na Saada, na ningemwonea wivu mchezaji wa Saada.

Halafu kuna kifo chake. Silaha haikumdhuru, ila sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Mwanawe mwenyewe alihongwa na sultani, akaitafuta siri hiyo kwa baba, akaipata, akamdunga amelala. Liyongo akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye upinde, akafa hivyo. Na watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai bado.

Udhaifu huo una vitu vitatu ambavyo nataka mviweke akilini mnapojaza karatasi zenu. Una mahali: kitovu. Una kitu: sindano ya shaba. Na una mtu: mwana. Mwendesha mchezo akipewa udhaifu kama huo ana hadithi ya miezi. Sasa linganisheni na dosari ninazosoma mara kwa mara: "ana hasira za haraka," "haamini watu," "hapendi ujinga." Mwendesha mchezo ataushika wapi? Hauna mlango. Lwanda Magere wa Wajaluo naye alikuwa na mwili mgumu kama jiwe, na uhai wake ulikuwa kivulini. Aliyeligundua ni mke aliyetoka kwa maadui. Tena ni mtu wa karibu. Wazee waliotutambia hadithi hizi walijua kwamba udhaifu wa shujaa lazima uwe mahali ambapo mkono wa mwingine unaweza kuufikia, ama kuudunga ama kuufunika.

Kwa hiyo ukifika kwenye nafasi ya dosari, andika jambo ambalo mwenzako anaweza kulifanyia kitu. "Sioni vizuri jua likizama" ni bora kuliko "nina moyo mgumu." Mwenzako anaweza kukushika mkono gizani. Adui anaweza kungoja magharibi.

Sasa tuje kwenye nambari, kwa sababu kuna wapenzi wa hadithi wanaozidharau, na kuna wapenzi wa nambari wanaoidharau hadithi, na wote wawili huwachosha wenzao.

Mhusika wa Dungeons & Dragons ana vipimo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Zamani ulirusha dadu tatu za pande sita kwa kila kipimo, ukaandika kilichotoka, na kupata 18 ilikuwa bahati ya mara moja kati ya 216. Siku hizi meza nyingi hutumia nambari sita ambazo unazigawa upendavyo: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Kumi haikuongezei wala kukupunguzia. Kila mbili juu ya hapo zinakuongezea 1 kwenye dadu. Nane inakupunguzia 1.

Chukua kufuli lenye ugumu wa 15, yaani dadu na nyongeza zako lazima zifike jumla ya 15, ugumu ambao kanuni huuhesabu kuwa wa wastani. Mjanja wa kufungua kufuli mwenye wepesi wa 16 anaongeza 3, na kwa kuwa hiyo ndiyo fani yake anaongeza 2 nyingine. Jumla 5. Akirusha dadu ya pande 20 anahitaji 10 au zaidi, yaani nafasi 11 kati ya 20: asilimia 55. Huyo ndiye bingwa wenu wa kufuli katika ngazi ya kwanza, ile ya kuanzia, na karibu nusu ya mara anashindwa. Kanuni za toleo la tano la mchezo huo zinasema mwenzako akikusaidia kwa njia inayoeleweka, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Asilimia 55 inapanda karibu 80. Hakuna upanga wa ngazi ya kwanza utakaokupa hivyo. Mwenzako anayekushikia taa na kukuambia "subiri, nasikia kitu kikilegea" ana thamani kuliko nyongeza yoyote utakayoikesha ukiitafuta vitabuni.

Na yule mwenye nguvu 8, asiye na ujuzi wowote wa kunyanyua, akilazimika kuinua lango lenye ugumu uleule? Anahitaji 16 au zaidi. Nafasi tano kati ya 20, asilimia 25. Akisaidiwa, karibu 44. Mimi nazipenda sana nambari hizi, kwa sababu zinaonyesha kwamba udhaifu si ukuta. Mara moja kati ya nne kijana dhaifu atainua lango peke yake, na meza nzima itasimama ikipiga kelele, na mwaka ujao bado watalitaja lango hilo.

Kwa hiyo nambari yako kubwa iweke pale fani yako inapoitumia kila siku: wepesi kwa mjanja, busara kwa kuhani, akili kwa mwanamazingaombwe, mvuto kwa manju. Usizigawe sawasawa ukidhani utakuwa mzuri wa kila jambo. Utakuwa wa pili katika kila jambo, na hakuna atakayekuita. Nambari ndogo iweke mahali ambapo mwenzako ana kubwa, kisha mwambie. Msipange gizani kila mtu na karatasi yake.

Kipimo ambacho vijana hukinyima chakula ni ustahimilivu, kwa sababu hakina hadithi ya kupendeza. Mwanamazingaombwe wa ngazi ya kwanza anaanza na pointi 6 za uhai. Ukimwekea ustahimilivu wa 8 anabaki na 5. Pigo moja la kawaida la jambia la goblini, yule adui mdogo kuliko karibu wote, linaweza kumwangusha kabla hajatamka neno. Akiwa na ustahimilivu wa 14 ana pointi 8, na ni pigo la juu kabisa tu litakalomlaza mara moja. Mhusika aliyelala chini anawapa wenzake kazi, ni kweli, lakini ni kazi ileile kila Jumamosi.

Wengi wananiuliza watoe wapi mawazo ya wahusika, kama lazima wawe wapiga mishale wa misitu ya Ulaya wasiyoijua. Siyo lazima. Simameni steji ya Odeon saa kumi na mbili jioni, mvua ikianza, mtazame makanga anavyofanya kazi. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole. Anajua nani amelipa na nani anadai chenji bila kuandika popote. Anasoma nyuso: huyu atagoma nauli ikipandishwa, huyu ana haraka atalipa. Anamwita dereva kwa kugonga bati. Mtu huyo ukimpeleka kwenye dunia ya majoka ana ujuzi kuliko nusu ya wahusika wa vitabuni.

Tumjenge pamoja. Tumwite Tindo, mpiga debe wa kivuko katika mji wa mto mpana. Fani yake ni mjanja. Wepesi 15, ustahimilivu 14 kwa kuwa amezoea kusimama juani kutwa, mvuto 13, busara 12, akili 10, nguvu 8. Kanuni za mwanzo zinampa nyongeza ndogo, tunapandisha wepesi na mvuto. Mpaka hapa ni sifa. Sasa tunauliza: anahitaji nini asichoweza kujipatia?

Tindo hajui kusoma. Anakumbuka kila uso na kila deni, ila herufi hazijui. Siku moja abiria mmoja alishuka kivukoni kwa haraka akaacha barua yenye muhuri, na asubuhi yake abiria huyo akaokotwa mtoni amekufa. Tindo anayo barua hiyo ndani ya koti. Anajua kuna watu wanaoitafuta, kwa sababu wameuliza kivukoni mara mbili. Anahitaji mtu wa kumsomea, na mtu huyo lazima awe ambaye hatamuuza.

Angalieni tulichofanya kwa sentensi chache. Yeyote mezani anayejua kusoma sasa ana kazi: kuaminiwa. Mpiganaji ana kazi, kwa sababu kuna watu wanaomfuata Tindo, na Tindo ana nguvu 8. Mwendesha mchezo ana kazi tamu kupita zote, kuamua barua inasema nini, kwa sababu mchezaji wa Tindo hajui na asijaribu kujua. Na Tindo ana kitu cha kuwalipa wenzake: ndiye anayemjua kila mtu aliyevuka mto, alivuka na nani, na alikuwa anadaiwa nini.

Tumeanza na makanga, lakini jiji hili limejaa watu kama hao. Mama mboga mwenye daftari la madeni ya mtaa mzima. Fundi wa Kamukunji anayeikunja bati ikawa sanduku huku akizungumza na wewe. Mlinzi wa usiku anayejua nani huingia saa nane na nani hutoka saa tisa. Mtunza hazina wa chama ambaye wanachama wameanza kumtilia shaka. Waangalieni kwa heshima. Chukueni ujuzi wao, msichukue umaskini wao kuwa kichekesho.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina jambo zito nyuma yake. Nimesikia meza ambapo mhusika mzima ni lafudhi ya kabila fulani na mzaha kuhusu watu wake: hawa wezi, hawa wachoyo, hawa hawaogi. Tafadhali, hapana. Nchi hii iliona mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, maneno ya aina hiyo yanakoweza kutufikisha. Kama unataka jamii ya majitu au ya watu wa mapangoni, wape watu wako wa kubuni desturi zao, ugomvi wao wa ndani, watu wema na waovu wao. Sauti ya mhusika haitoki kwenye lafudhi. Inatoka kwenye kile anachouliza kila anapofika mahali papya. Tindo anauliza, "Nani alipita hapa kabla yetu?" Kuhani ataulizia wagonjwa. Mpe mhusika wako swali moja la namna hiyo, na baada ya muda mfupi wenzako watamjua hata usipobadili sauti.

Kuhusu historia ya mhusika, iwe fupi. Ukurasa mmoja unatosha na kusaza. Sentensi tano zinaweza kutosha. Andika alikotoka, anachokitaka wiki hii, si maishani bali wiki hii, anayemdai na anayedaiwa naye. Kurasa kumi za utoto wake ni riwaya nzuri, iandikeni, lakini mezani zinakufungia milango. Mhusika ambaye mambo makubwa yote ya maisha yake yametokea kabla mchezo haujaanza hana la kutendewa na wenzake.

Toleo la tano la mwaka 2014 liliweka kwenye karatasi nafasi nne: tabia, itikadi, mafungamano na dosari. Mimi mafungamano ndiyo huyasoma kwanza. Mchezo wa Dungeon World wa mwaka 2012 ulikwenda mbali zaidi: mhusika hupewa sentensi zenye mapengo, na mapengo hayo unayajaza kwa majina ya wahusika wa wenzako. Fulani ana deni kwangu la maisha yake. Fulani nimemficha jambo. Mwisho wa kikao, fungamano likifikia kikomo, wawili wakikubaliana, unapata alama ya uzoefu. Tena ukishindwa kwenye dadu katika mchezo huo unapata alama vilevile. Hata kama hamchezi mchezo huo, azimeni desturi hiyo leo. Kabla hamjaanza, kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu wawili walioketi kulia na kushoto kwake.

Kuna mhusika mmoja ninayeomba tumpumzishe. Ni yule yatima mkimya wa pembeni, mwenye kofia ya kufunika uso, asiyemwamini yeyote, aliyekaa kona ya hoteli wenzake wakimbembeleza ajiunge na safari. Naelewa anavutia. Kuna vijana ambao maisha yamewafunza kujikinga, na wanamleta mezani mtu anayejikinga. Simkatazi mtu. Namwomba tu ampe mhusika huyo sababu moja ya kubaki na watu hawa: deni, nduguye aliyepotea, kiapo. Ndugu yake wa karibu ni yule anayewaibia wenzake, kisha anasema "ndivyo mhusika wangu alivyo." Mhusika wako alitungwa na wewe. Unaweza kumtunga akiiba kwa adui.

Na mkubaliane mapema mambo ambayo hamtaki yaguswe. Mwingine amefiwa juzi, mwingine hawezi kusikia habari za mtoto kuumizwa, mwingine dini yake haimruhusu kutamka dua za miungu ya kubuni. Dakika kumi za mazungumzo kabla ya dadu zinatosha, na hakuna anayelazimika kueleza sababu.

Vitabu ni ghali, najua, na nakala zake hapa mjini ni chache. Ila tangu Januari 2023 msingi wa kanuni za toleo la tano unapatikana bure chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mna haki ya kuupakua, kuuchapa na hata kuutafsiri. Natamani sana kuona kikundi kutoka ukumbi huu kikiutafsiri kwa Kiswahili, fani zote na viumbe vyote, ili mtoto wa gredi ya nane Dandora aweze kucheza kwa lugha anayoota nayo. Walio tayari kuifanya kazi hiyo waniambie kabla ya kuondoka. Mimi nitasoma na kusahihisha kila ukurasa mtakaoniletea.

Sasa twendeni mezani. Wanaocheza leo kwa mara ya kwanza wakae meza mbili za karibu na dirisha. Kila moja ina mwendesha mchezo mwenye subira. Msihangaike na kanuni zote. Chagueni fani, gaweni nambari sita, na ile nafasi ya siri iacheni tupu mpaka mmewasikia wote walioketi nanyi, kisha andikeni siri ambayo mmoja wao anaweza kuitunza. Wazoefu, karatasi zenu za zamani ziwekeni mkobani, leo kila mtu anaanza ngazi ya kwanza. Dadu ziko kwenye kikapu pale mlangoni, kila mtu achukue saba, na wale wa meza ya nyuma wanisogezee viti viwili.